Lori Lenye Jiko

Juzi tulimzika Karani Lawi Namkoma, na mimi nilikwenda. Nilikwenda na fimbo yangu, nikakaa benchi la nyuma kabisa, nyonga ikiniuma kama inavyouma kila kipupwe kikivuma, nikasikiliza wakisoma habari za maisha yake. Eti marehemu alikuwa mtu wa maendeleo. Eti ndiye aliyewaletea watu wa Newala lori lao wenyewe enzi za Mwingereza, wakati mtu mweusi akiwa na baiskeli tu wazee wanamwamkia yeye. Watu wakaguna kwa heshima. Binti mmoja aliyekaa karibu nami, nadhani mjukuu wake, akaninong'oneza, "Mama, shikamoo. Wewe ulimjua babu zamani?" Nikamwitikia marahaba, nikamwambia nilimjua. "Alikuwa mtu mzuri sana, eh?" Nikamwambia, "Mwanangu, wewe sikiliza yanayosomwa." Ningemjibu nini mtoto wa watu mbele ya jeneza? Lakini nilipotoka pale nilikwenda moja kwa moja nyumbani, nikatafuta kalamu.

Sasa naandika. Shule yangu iliishia darasa la pili pale Lulindi, na anayetaka kucheka mwandiko wangu na acheke. Wasomi wameshaandika ya kwao, wameyasoma kanisani, watu wameyaitikia. Mimi naandika ya mwaka ule mmoja, na majina nitayataja. Wa kwanza ni huyo Lawi. Wa pili ni Yohana Mchila, dereva, ambaye wakati ule alikuwa mume wangu. Wa tatu ni mjomba wake, Mzee Dastani, Mungu amrehemu akipenda, mimi bado. Wa nne ni muuzaji wa magari wa Mtwara, Bwana Rajabu, mwenye meno mazuri. Wote wanne wamekwisha kufa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuja mlangoni pangu kusema pole kwa maneno yanayostahili kuitwa pole.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza kukaa Newala. Nilitoka kwetu bondeni Masasi, ambako mtu akitaka maji anachukua ndoo, anakwenda, anarudi, na ugali haujaiva. Nikaolewa juu ya uwanda, na huko juu nikajifunza kwamba maji ni kitu kingine kabisa. Chumba chetu kilikuwa na kitanda cha kamba, sanduku la Yohana alilorudi nalo jeshini, na kwenye pembe iliyo mbali na mlango mitungi miwili iliyofunikwa kwa vifuniko vya mti. Sanduku lilikuwa wazi siku zote. Mitungi ndiyo iliyolindwa. Mama mkwe wangu alinionyesha siku ya kwanza: uso na miguu kata moja. Maji ya kuoshea mihogo hayamwagwi, yanaosha vyungu, halafu wanakunywa kuku. Mvua zikikatika, mashimo ya kukingia maji yakikauka, wanawake tulishuka bondeni alfajiri, tukapanga foleni kisimani, tukapanda mlima na mitungi kichwani jua likiwa limeshatoka kwenye uso limekuja kwenye utosi. Nilikuwa nikifika juu magoti yanacheza yenyewe. Wifi yangu Agnesi, mdogo wake Yohana, msichana wa rika langu ambaye hajaolewa, alikuwa akinicheka: "Wifi wa Masasi, magoti yako yanacheza ngoma gani? Hata unyago hayo hayachezwi." Kisha alikuwa anaunganisha maji ya mtungi wake na wangu, maana mimi nilifika na nusu, nyingine nimeimwaga njiani, na hakuwahi kumwambia mama yake.

Kuna jambo la kule juu lazima nilieleze, kwa sababu bila hilo mtu wa bondeni ataona nasimulia wazimu. Kwao, mgeni akipewa chakula ameheshimiwa. Lakini mgeni akipewa maji ya kuoga mwili mzima, amepewa shingo ya mke wa mwenyeji na mgongo wa binti yake, maana hao ndio walioyapandisha. Kwa hiyo ukiogeshwa kwa mtu, neno atakalokuomba siku ile, kabla jua halijachwa, hulikatai. Ukilikataa umemtukana mkewe. Nimeona mtu mzima akitoa mbuzi aliyekuwa amemweka kwa ajili ya jando la mwanawe, kwa sababu tu alioga kwa jirani asubuhi, na jirani akasema, "Nina shida ya mbuzi." Wenyewe kwa wenyewe hawakulitumia vibaya. Waliogopana, kwa hiyo waliheshimiana.

Basi mwaka ule wanaume wa vijiji vyetu walikuwa na chama chao cha kununua lori. Korosho zilikuwa zimetoka vizuri, na walichoka kuwabembeleza wenye magari wa Tandahimba. Walikutana barazani kwetu kwa sababu Yohana ndiye aliyejua kuendesha, alifundishwa jeshini. Sisi tulikuwa jikoni nyuma ya ukuta wa miti, tunatwanga makopa ya mihogo, na tulipotaka kusikia tulikuwa tunaacha kutwanga mmoja mmoja ili wasitambue. Ndivyo tulivyosikia kwamba lori likiwa na tangi laweza kupandisha maji. Agnesi aliweka mchi chini. "Wifi, umesikia? Gari linabeba maji!" Kuanzia siku ile wanawake nao wakachanga. Tuliuza vyungu, tukauza makopa, tukapika uraka, pombe ya mabibo makavu, ukanywewa na haohao wanaume wa chama. Na kwa kuwa kule mwanamke hatoi fedha barazani kwa mkono wake, kila mmoja alimpa mjomba wake, na mjomba akaitoa kwa kinywa chake. Tuliwaambia wote neno moja: hii ni ya tangi. Mzee Dastani alipokea ya Agnesi mbele yangu, akaifunga kwenye pindo la shuka, akasema, "Ya tangi. Nimesikia, mama."

Bei ya kwanza ilitoka Lindi. Yohana alikwenda na mwanachama mmoja, wakarudi wamenuna. Duka la Lindi liliwasimamisha juani. Mwenye duka hakuwapa hata kiti, alisema bei yake bila kuinua macho: shilingi elfu kumi na nane, nusu taslimu, nusu korosho za msimu ujao zikiuzwa. Mkitaka mnataka, hamtaki njia ile pale. Punguzo? Hakuna punguzo, hata senti. Lakini ndani ya elfu kumi na nane kulikuwa na lori, bodi ya mbao ngumu, tairi la akiba, turubai, jeki, na tangi la chuma linalofungwa kwa bolti, lenye kuta ndani za kuzuia maji yasiyumbe gari likikata kona. Yohana mwenyewe ndiye aliyezisema hizo kuta. Nilimsikia kwa masikio yangu akieleza barazani, mikono yake ikiyumba kuonyesha: "Maji bila kuta yanamsukuma dereva. Yanaweza kukuangusha mlimani. Hili tangi limetengenezwa na watu wanaojua." Akumbukwe kwa maneno hayo. Alijua.

Lawi ndiye aliyelikataa la Lindi. Alikuwa karani bomani, amevaa soksi ndefu, na kwenye chama walimfanya mwenyekiti kwa sababu ya hizo soksi. "Wazee wangu," alisema, "mtu asiyepunguza bei amekudharau. Mtwara nimeuliza. Bei ya duka ni elfu kumi na tisa, lakini sisi tutakatiwa elfu tatu. Elfu tatu! Lindi wametusimamisha juani, Mtwara wametupa elfu tatu. Mwenye akili achague." Wanaume wakapiga vigelegele kama wanawake. Mimi nyuma ya ukuta nikamwuliza Agnesi, "Na tangi limo?" Agnesi, ambaye hakuwa na haya hata kidogo, akapaza sauti kupitia ukutani: "Karani, tangi limo?" Lawi akajibu kwa upole wake wa bomani, "Vyote vinazungumzika, dada yangu." Nimeishi miaka mingi baada ya hapo, nimenunua vitu vingi, na nakuambia wewe unayesoma: muuzaji akisema vinazungumzika, ujue havimo.

Wanawake walidai mmoja wao aende akalione hilo tangi kwa macho. Nikachaguliwa mimi, kwa sababu ni mke wa dereva na ningelala alipo mume wangu bila maneno. Tukaondoka wanne kwa gari la korosho kupitia Tandahimba: Lawi, Mzee Dastani akiwakilisha wajomba wote, Yohana na mimi. Baridi ya Julai ilitukata juu ya magunia. Tulifika Mtwara asubuhi ya siku ya pili, wekundu wa vumbi mpaka kope. Bwana Rajabu alikuwa mlangoni anatungoja, na hilo peke yake lingenifungua macho, maana nani alimwambia tunafika saa ngapi? "Karibuni wazee wangu, karibuni! Poleni na njia. Kabla ya maneno yoyote, maji." Akatupeleka uani nyuma ya duka. Kulikuwa na bomba, na vyumba viwili vya kuogea vya mabati. Mzee Dastani alipofungua lile bomba alirudi nyuma kama ameona nyoka. Kisha akaingia, na akakaa humo ndani muda mrefu, na tulimsikia akicheka peke yake, mzee mzima, maji yakimpiga mgongoni. Siwezi kumcheka. Alikuwa na mvi kichwa kizima, na sidhani kama katika maisha yake aliwahi kuoga maji ambayo hakuna aliyeyabeba.

Mimi nilioga chumba cha pili. Kwangu maji hayakuwa miujiza, nilijimwagia nikafunga. Ndipo nikasikia sauti nje ya bati, karibu na sikio langu. Lawi alikuwa anasema, "Si nilikwambia? Mpe Mmakonde wa juu maji ya kuoga, umemfunga kamba. Leo lolote utakalosema, mzee yule hakatai." Bwana Rajabu akacheka kwa pua. "Basi usije ukamwachia mpaka jua lichwe. Na baiskeli yako iko stoo, uje uione baadaye." Nilisimama pale na kanga imenigandia mwilini, nikayahesabu maneno yale kichwani ili nisiyapoteze. Huyo ndiye mtu wa maendeleo. Aliichukua heshima ya watu wa kwao, akaiuza kwa mgeni pamoja na maelekezo ya namna ya kuitumia.

Nilimwambia Yohana. Nilimvuta pembeni ya magari na kumwambia yote, neno kwa neno. Alikuwa ameweka kiganja kwenye boneti ya lile lori, analipapasa kama ng'ombe. Lilikuwa limesimama uani, jipya, rangi mbili, bluu na maziwa, mdomo wake wa nikeli unaakisi jua. Akaniambia bila kunitazama, "Sesilia, nyamaza. Unataka kuniharibia kazi?" Nikamwambia, "Kazi gani? Nakwambia mwenyekiti wenu amepewa baiskeli." Akasema, "Na mimi nimeahidiwa usukani. Unajua ni wangapi wanautaka?" Basi. Hilo ndilo lilikuwa jibu la mume wangu.

Tulikula pilau, halafu Bwana Rajabu akaanza kazi yake. Nimekuja kuielewa baadaye, siku zile niliiona tu inapita mbele yangu kama mtu anayechanganya karata. Bei ya duka elfu kumi na tisa. "Kwa wazee wangu nakata elfu tatu, inabaki kumi na sita." Mzee Dastani akaitika. Lakini hilo ni lori tupu. Bodi? Bodi ni peke yake. Tairi la akiba? Peke yake. Turubai peke yake. Jeki, ndiyo, hata jeki. Na gari hili lililopo uani lina vitu vyake vimeshafungwa tayari: viti vya ngozi, ile nikeli, honi ya sauti mbili, na kipasha joto ndani ya kabini. "Newala kuna baridi, wazee wangu, mtanishukuru." Alipomaliza kujumlisha tulikuwa tumefika elfu kumi na nane kamili, bei ileile ya Lindi, na punguzo limekwisha kurudi alikotoka. Tofauti ni kwamba la Lindi lilikuwa na tangi, na la Mtwara lilikuwa na jiko. Nikasema, na nilijua nimevunja adabu, mkwe kusema mbele ya mjomba wa mumewe: "Na tangi?" Bwana Rajabu akanigeuzia meno yake. Tangi lipo, mama, lakini linaletwa kutoka Dar es Salaam, ni kungoja wiki nyingi, na ni fedha nyingine. Au avitoe hivi vitu vya kabini, aagize gari jingine. "Lakini wazee wangu," na hapo akamwinamia Mzee Dastani, "nawaomba msiniache na gari hili. Nawaomba."

Mzee akashika pindo la shuka. Alikuwa na fedha ya Agnesi na ya wanawake wengine kwenye pindo lake, na alijua. Nikapiga magoti, nikamwambia, "Baba, tulale. Kesho jua likichomoza tuzungumze upya." Macho yake yakaangaza kidogo, maana nilikuwa nimempa mlango. Lawi akauziba palepale. "Kesho? Kesho mzee utarudi nyumbani juu ya magunia? Leo tunaondoka na gari letu, wewe umekaa mbele kwenye ngozi." Mzee Dastani akanitazama, akasema kwa sauti ya mtu anayeomba kuhurumiwa, "Mwanangu, tumeoga hapa." Akafungua pindo.

Tulirudi nalo. Watu walitoka mpaka barabara ya Tandahimba kulipokea, Yohana anapiga ile honi ya sauti mbili, akina mama wanakimbia kandokando. Agnesi alizunguka nyuma, akachungulia bodi, akazunguka mbele, akapanda kwenye kidaraja cha mlango. "Kaka, tangi liko wapi?" Yohana akamwonyesha kipasha joto. Akakiwasha. Agnesi akaweka mkono, akahisi joto, akateremka taratibu, akawageukia wanawake. "Jamani, tumenunuliwa jiko." Wakacheka, walicheka mpaka wengine wakakaa chini, lakini kilikuwa kile kicheko ambacho mtu akikisikia kwa mbali anauliza nani kafiwa. Jina likashika siku ileile. Lori liliitwa Jiko. Lawi akipita na baiskeli yake mpya Agnesi alikuwa anamwita toka uani, "Karani, leo garini kumepikwa nini? Tuletee hata ukoko!" Naye alijifanya hasikii, anakanyaga tu, soksi zinapanda zinashuka. Nilimwambia Agnesi yale niliyoyasikia nyuma ya bati, na yeye akayapeleka kisimani, na kisimani ndiko kwenye baraza letu. Mwezi haukwisha kila mwanamke alijua ile baiskeli imetoka wapi. Wanaume walijua pia. Wakasema wanawake wana maneno.

Hayo maneno ndiyo yaliyomuuma Lawi, na ndiyo yaliyomfanya atake kutuziba midomo. Akasema maji tutayapata bila tangi. Akatafuta mapipa, mapipa ya mafuta yaliyotupwa na watu wa barabara, akayapanga nyuma kwenye bodi. Kamba hazikuwepo, kamba nazo zilikuwa fedha. Nilimwuliza Yohana nyumbani, tukila kisamvu, "Na zile kuta ulizozisema? Maji yasiyumbe?" Akatafuna. "Nitakwenda polepole." "Mapipa yatafungwa na nini?" "Mtayashika." Hivyo tu, mtayashika, kama anazungumza habari za kuku.

Tulishuka alfajiri moja ya Agosti, baridi ya kukata masikio, wanawake sita nyuma. Tulijaza mapipa kwa ndoo kutoka kisimani, nguo zetu zikalowa mpaka kiunoni. Kisha tukapanda, kila mtu akakumbatia pipa lake. Mbele kwenye kabini kulikuwa na Yohana, na Lawi ambaye alikuja ili aonekane akifika na maji. Agnesi aligonga kioo cha nyuma. "Karani, tukaribishe jikoni, tunakufa baridi!" Lawi akageuka, akatabasamu, akapandisha kioo cha upande wake mpaka juu ili joto lisitoke. Yohana naye akapandisha chake. Niliwaona kwa macho yangu. Jiko liliwashwa, vioo vikaingia ukungu, na lori likaanza kuuma mlima.

Kwenye kona kubwa gari liliegemea na maji yakaegemea nalo. Pipa la kwanza liliteleza kwa sababu mbao zilikuwa zimelowa. Tulilishika. Likafuata la pili. Agnesi alielewa kabla yetu sote, aliacha pipa lake, akaruka mpaka nyuma ya kabini, akaanza kupiga bati kwa ngumi zote mbili. "Kaka, simama! Kaka! Yohana, simama!" Sote tukapiga kelele. Injini ilikuwa inanguruma na wale wawili walikuwa wamejifungia kwenye joto lao. Alipiga, alipiga, nikaona damu kwenye vifundo vya vidole vyake. Yohana akabadili gia, lori likaruka kidogo kama linavyoruka, na mapipa yote yakaja nyuma kwa pamoja. Mimi yalinibana kwenye ubao wa nyuma, ukavunjika, nikaanguka njiani, na hiyo nyonga mnayoniona nayo nikaibeba toka pale. Agnesi alikuwa amesimama, na mrusho ukamtupa nyuma katikati ya mapipa. Pipa lililompata lilimpata kifuani. Lori lilikwenda hatua nyingi bado, ndipo wakasimama, na Lawi akafungua mlango na kuuliza, "Mbona maji yanamwagika?"

Walinirudisha nyumbani kwa machela ya kanga, kesho yake ndiyo nipelekwe hospitali, maana siku ile ilikuwa ya kumzika Agnesi. Nililala chumbani na mlango ulikuwa wazi, nikaona ua wote. Nikamsikia mama mkwe wangu akiuliza maji ya kumwoshea mwanawe yatoke wapi. Kisha wanawake wakaanza kuingia mmoja mmoja. Kila mmoja amebeba kata moja, wengine kibakuli, maji yao ya kunawa uso ya siku ile, wakamimina kwenye mtungi. Hayo ndiyo yaliyomwosha. Yaliyobaki yalikuwa chini kidogo ya nusu ya mtungi.

Waliporudi makaburini, wanaume walikuja uani kunawa udongo, kama desturi ilivyo kwa wote, wa kanisani na wa msikitini. Mzee Dastani alitangulia, mikono yake ameinyosha mbele, myekundu mpaka viwiko, maana yeye ndiye aliyeshuka kaburini. Nyuma yake Lawi, nyuma yake Yohana, kisha baraza zima. Mama mkwe wangu alikuwa amekaa juu ya kigoda mbele ya ule mtungi. Huyo ni dada yake Mzee Dastani, tumbo moja, na hakuwahi kumwinulia sauti maisha yake yote. Hakuiinua hata siku ile.

"Kaka," alisema, "ulikooga ndiko ukanawe."

Mzee akasimama na mikono yake. Lawi akaanza, "Mama Yohana, desturi..." na akina mama wakasimama wote, wakaja wakauzunguka mtungi. Mtu hawezi kuingia nyumbani na udongo wa kaburi mikononi, hawezi kula nao, hawezi kumshika mtoto. Walisimama hivyo, wanaume wazima, mikono wameishikilia mbali na nguo zao. Kisha Mzee Dastani akaokota debe kwa vidole viwili, akatoka. Wakamfuata. Lori lilikuwa pale nje, hakuna aliyeligusa. Wakashuka bondeni kwa miguu, kwa ile njia yetu, na nguo zao za mazikoni.

Walirudi jioni. Niliwasikia kabla sijawaona, wanahema, madebe yanalia, mtu analaani mawe. Hakuna mwanamke aliyekwenda kuwatua. Yohana aliingia chumbani na debe begani, amelowa shati, mikono yake ilikuwa safi. Alilitua karibu na kitanda changu, akachota kata moja, akanishikia kichwa. "Sesilia," alisema, "maji." Sikuwa nimekunywa tangu alfajiri, ulimi ulikuwa umeshikana na kinywa. Niliyanusa, nikaona nikiyanywa nimepokea malipo ya Agnesi. Nikamwambia ayamwage.

Alinitazama kama nimemwambia aue mtu. Kule juu hakuna mtu anayemwaga maji, hata mwenda wazimu hamwagi. "Sesilia, nimeyabeba mimi mwenyewe."

"Yamwage, Yohana. Yote."

Akalibeba debe mpaka kizingitini, akaliinamisha. Ardhi ikayanywa, akina mama wakitazama.